Ujumbe si Sauti: Maneno ya Chumba cha Kurekodia

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kuitajia kazi ya kinasa sauti. Kimoja ni kurekodi, tulichokikopa kwa Waingereza. Kingine ni kunasa, kilicho chetu tangu asili. Ndege hunaswa kwa ulimbo, panya hunaswa kwa mtego, na kinachonaswa huwa ni chenyewe hasa, pamoja na manyoya yake na papatiko lake. Sauti iliyonaswa nayo ni vivyo hivyo: huja na pumzi ya mwimbaji, kikohozi chake na jogoo wa jirani. Lakini ndani ya programu za muziki za siku hizi imo kazi nyingine ambayo si kunasa hata kidogo, bali ni kuandika. Kwa kuwa kazi zote mbili huanzishwa kwa kubofya kitufe kilekile chekundu, watu huziita kurekodi bila ya kuzitenga. Nadhani sehemu kubwa ya matatizo ya chumba cha kurekodia huzaliwa hapo.

Nayasema haya kwa niliyoyashuhudia hapa Matombo. Vijana wawili niliopata kuwafundisha wamekigeuza chumba kimoja cha nyumba yao kuwa studio. Wana kompyuta mpakato, maikrofoni, kadi ya sauti ya nje na kinanda kidogo kisichokuwa na spika. Huniita niwakagulie vina na mizani vya mashairi yanayoghaniwa humo, nami hukaa pembeni nikisikiliza. Haupiti muda kabla kitu hakijagoma. Nimebaini kwamba hawakwami kwa upungufu wa akili. Hukwama kwa sababu tatizo halina jina, na kisicho na jina hutafutwa kwa kupapasa.

Tuanze na kule kuandika. MIDI ni kifupisho cha jina la Kiingereza la lugha ambayo ala za kielektroniki husemezana. Ilioneshwa hadharani Januari 1983 katika maonesho ya ala za muziki huko California, pale vinanda vya kampuni mbili zinazoshindana, Sequential Circuits ya Marekani na Roland ya Japani, vilipounganishwa kwa waya, na kimoja kikalia wakati kinachobonyezwa ni mwenzake. Waasisi wake wakuu, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kinachopita katika waya huo ni ujumbe mfupi tu: kibonyezo namba fulani, kati ya 0 na 127, kimebonyezwa, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, nayo hupimwa kwa namba zisizozidi 127, kisha kimeachiwa. Sauti haimo.

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu na kwaya za misheni hatuna sababu ya kulistaajabia hilo. Tulifundishwa nota za do-re-mi, mfumo alioueneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na hadi leo kwaya zetu nyingi huimba kwa daftari za nota hizo. Daftari la kwaya halitoi sauti hata ukiliweka masikioni; lahitaji koo la mtu. Wapenzi wa ushairi wanaujua mfano ulio karibu zaidi. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilihifadhi maneno, lakini mahadhi yalipita kutoka kinywa hadi kinywa. MIDI ni mswada. Sauti iliyonaswa ni mghani mwenyewe.

Ukiishika tofauti hiyo, hitilafu nyingi hujitenga zenyewe. Chukua lile tatizo la kila mara: kinanda kinabonyezwa, spika zimenyamaza. Swali la kwanza si "waya upi mbovu?" bali "ujumbe umefika?" Katika programu, kila mstari wa wimbo, ambao vijana huuita traki, una kitaa kinachomweka ujumbe unapoingia. Kikimweka, mswada umefika ila hakuna wa kuuimba: hakuna ala iliyowekwa kwenye traki ile, au ala inasikiliza chaneli nyingine kati ya zile 16. Kisipomweka, mswada umepotea njiani: waya umelegea, kinanda hakijaruhusiwa katika mipangilio, traki haijatayarishwa kupokea, au kinanda kimechomekwa baada ya programu kufunguliwa, na baadhi ya programu huvitambua vifaa zinapoanza tu. Swali moja limeyagawa mashaka mafungu mawili, na nusu ya kazi imekwisha.

Kuna pia noti inayokataa kufa. Mtu ameshainua kidole, lakini sauti yaendelea kulia kama filimbi iliyosahauliwa kinywani. Mwenye kudhani kwamba kinanda ndicho kinacholia atakizima, na filimbi haitakoma. Kumbe ala ilipokea ujumbe wa kubonyezwa, na ule wa kuachiwa ukapotea. Ala ni mtumishi mtiifu, haijaambiwa iache. Programu huwa na amri ya kunyamazisha noti zote kwa pamoja, nayo ndiyo dawa.

Hitilafu za kunasa ni za namna nyingine, na inayowaumiza washairi zaidi ni ya kuchelewa. Mghani amevaa vipokea sauti, anaghani, anajisikia akijifuata kwa nyuma kama mwangwi wa bondeni. Naye, bila kukusudia, huanza kujisubiri. Beti zinazidi kuburuta, na mwisho hulaumiwa kwamba hajui kwenda na mdundo. Chanzo ni kwamba kompyuta haipokei sauti kama mto unavyotiririka. Huipima mara nyingi kwa sekunde, aghalabu mara 44,100, na vipimo hivyo huvikusanya mpaka vifike kiasi fulani ndipo ivishughulikie. Kiasi hicho vijana hukiita bafa. Mimi nimependekeza tukiite kibaba, kwa kuwa wahenga walikwisha kutueleza utendaji wake: haba na haba hujaza kibaba, na mashine haipiki mpaka kibaba kijae.

Kibaba cha vipimo 1,024 huchukua milisekunde 23 kujaa, na sauti hungojea kuingia na kutoka, kwa hiyo kuchelewa kwaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Kibaba cha 128 hujaa kwa milisekunde 3 hivi, na sikio haliwezi kulalamika. Mbona basi tusitumie kibaba kidogo daima? Kwa sababu kompyuta dhaifu ikitakiwa kupika vibaba vidogo vingi kwa haraka huzidiwa, na sauti hukatikakatika na kukwaruza. Kanuni yake ni nyepesi: kibaba kidogo wakati wa kughani, kibaba kikubwa wakati wa kuchanganya sauti. Na ikiwa kadi ya sauti ina kitufe cha kumsikilizisha mghani moja kwa moja kabla sauti yake haijaingia kwenye kompyuta, kitumiwe hicho. Tangu neno kibaba lizoeleke chumbani humo, sijasikia tena mghani akilaumiwa kwa kosa la mashine.

Ya pili ni ya vipimo kutofautiana. Sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde, ikisomwa na mashine inayodhani ni 48,000, hukimbia: wimbo wa dakika tatu humalizika takribani sekunde 15 kabla ya wakati wake, na sauti hupanda karibu robo tatu ya toni. Bibi wa miaka themanini husikika kama binti. Hapo hakuna kilichoharibika. Mashine mbili hazijakubaliana kipimo tu, na kukubaliana ni jambo la kuchagua namba moja mahali pote.

La tatu halina dawa: sauti iliyopasuka kwa kunaswa kwa nguvu kupita kiasi hairudi. Kwa hiyo kiwango huachwa chini, kilele kikicheza karibu na desibeli 12 chini ya ukomo. Na huku upande wa mashariki wa Uluguru, ambako mvua haina hiyana, paa la bati ndilo huamua saa ya kazi.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Programu za muziki huigawa bari moja ya mapigo manne katika vijisanduku 16, na zina amri ya kuivuta kila noti iingie katika kijisanduku kilicho karibu. Vijana huiita kunyoosha. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo. Namba hizi mbili kufanana ni mtego. Tazama mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya mfano: *Mtoni kumefurika, ngoja maji yapungue.* Mizani ni nane kwa nane, wala haina dosari. Lakini mghani haigawi pumzi yake sawa kwa sawa. Ile *m* ya mwanzo ni mizani kamili, nayo hupita kama kufumba na kufumbua. *Ka* ya kina cha kati yaweza kuvutwa kupita silabi nne kwa pamoja. Kisha hutua, hupumua, ndipo huendelea. Mizani ni hesabu ya silabi, si hesabu ya muda. Ukiunyoosha mshororo ule, kila silabi ikapewa kijisanduku chake, utapata kitu kilicho sahihi katika hesabu na kilichokufa masikioni, mfano wa cherehani.

Hili lingebaki kuwa suala la ladha kama si wimbo wa bibi mmoja wa hapa kwetu, wimbo wa Kiluguru wa kutwangia, ambao vijana walimnasa akiuimba. Programu yao ina uwezo wa kuisikiliza sauti na kuigeuza kuwa MIDI. Wakaigeuza, wakainyoosha, wakaipa ala ya marimba, wakafurahi. "Mwalimu, sasa umenyooka," mmoja akaniambia, akauliza kama yafaa kuifuta sauti ya mwanzo ili nafasi ipatikane. Nikamwomba anichezee zote mbili, moja baada ya nyingine. Katika marimba maneno hayakuwamo, maana MIDI haina silabi. Zile sauti ambazo bibi huziweka katikati ya noti mbili zilikuwa zimesukumwa upande mmoja au mwingine, kwa kuwa vibonyezo vya oktavu ni 12 na havina cha katikati. Pigo la mchi, ambalo huja nyuma kidogo ya neno, lilikuwa limevutwa likae sawa nalo. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, na faili halikufutwa.

Mkoa wetu wapaswa kulijua hili kuliko mingine. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alifariki mwaka 1979, wote kwa ajali za barabarani. Tunao bado kwa kuwa sauti zao zilinaswa kwenye tepu. Kama tungerithi nota zao peke yake, wapiga gitaa wangeweza kuzipiga, lakini asingekuwapo mtu wa kutuambia Mbaraka alivyokuwa akilitamka neno.

Siikatai MIDI. Mswada una heshima yake: huruhusu kusahihisha, kubadili ala, kumfundisha mwanafunzi polepole. Ninachokiomba kwa washairi wanaorekodi majumbani ni utaratibu. Sauti inaswe kwanza, ihifadhiwe mahali pawili, iandikiwe jina la mwimbaji, tarehe, kijiji na idadi ya vipimo kwa sekunde. Kunyoosha na kugeuza kufanywe kwenye nakala. Na maneno yatumike kwa kutengana: tuseme tumenasa pale tuliponasa, na tumeandika pale tulipoandika. Mwenye neno bora kuliko kibaba, au kuliko kunyoosha, alilete. Lugha hujengwa na wanaofanya kazi.