Friwili ndogo ndani ya mashine ya fotokopi

Umezoea kunisoma nikiandika habari za viwavijeshi, samadi na nafasi za kupandia mahindi. Leo naandika habari za mashine ya fotokopi, na nina sababu. Vikundi vingi ninavyovihudumia siku hizi havitegemei shamba peke yake. Kimoja ni cha akina mama 12, wakulima wa alizeti, ambao kwa mkopo wa halmashauri usio na riba walinunua mashine iliyokwisha kutumika, wakafungua steshenari karibu na shule ya sekondari. Nakala moja shilingi 100. Marejesho ni kila mwezi, na yakichelewa ni kikundi kizima kinachoulizwa.

Mwaka huu, wakati walimu wanaleta mitihani ya majaribio, mashine ikaanza kukwamisha karatasi. Mwanzo mara moja kwa kutwa, baadaye kila karatasi ya tatu au ya nne. Wakamwita fundi, akabadilisha rola za mpira, akalipwa. Wiki mbili hazikupita, ugonjwa uleule. Fundi wa pili akasema mfumo mzima wa kuvuta karatasi umekwisha, zitafutwe shilingi 380,000, la sivyo wauze mashine kama chuma chakavu. Mama mwenyekiti akanipigia simu: "Bwana shamba, wewe si uliwahi kufanya kazi steshenari? Njoo uitazame kabla hatujaanza kuchangishana."

Ni kweli. Kabla sijaenda chuo cha kilimo nilikaa miaka miwili nikimshikia taa fundi wa mashine hizi. Kazi yenyewe nimeisahau nyingi, lakini kitu kimoja alichonionyesha sijakisahau: beringi ya njia moja.

Ukitaka kuielewa, fikiria baiskeli. Ukikanyaga pedali, tairi la nyuma linazunguka. Ukiacha kukanyaga kwenye mteremko, tairi linaendelea na miguu yako imetulia. Kazi hiyo inafanywa na friwili. Sasa, ndani ya fotokopi kuna rola ya kwanza inayoikamata karatasi juu ya trei na kuisukuma mbele. Mbele yake kuna rola nyingine zinazoipokea na kuivuta kwa kasi zaidi. Kama rola ya kwanza ingeng'ang'ania mwendo wake, karatasi ingevutwa huku na huku, ikunjike au ichanike. Kwa hiyo inawekewa friwili yake: gia ikizungusha, rola inazunguka, karatasi ikivutwa kutoka mbele, rola inaachia na kwenda bure.

Tofauti ni kwamba friwili ya baiskeli ina meno, na hii ya fotokopi haina. Ni kikombe kidogo cha chuma, hakizidi ncha ya kidole, ndani yake kuna vijiti vya chuma vyembamba kama sindano. Kila kijiti kimekaa kwenye kimteremko, na springi ndogo inakisukuma kuelekea upande mwembamba. Shafti ikizunguka upande mmoja, vijiti vinabanwa na kila kitu kinashikana. Ikizunguka upande wa pili, vinarudi nyuma na shafti inapita. Hakuna zaidi ya hapo. Na kwa kuwa inategemea vijiti kusogea nywele moja tu, uchafu kidogo unatosha kuiharibia kazi.

Nilichomoa waya wa umeme kwanza, tukasubiri nusu saa. Usiruke hatua hiyo. Sehemu inayochoma tona kwenye karatasi inafika karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na haipoi mara moja. Kisha nikatoa rola na gia yake nikafanya jaribio la vidole: shika gia kwa mkono mmoja, zungusha shafti kwa mkono mwingine. Upande mmoja inatakiwa ishike papo hapo. Upande wa pili iende laini bila kukwaruza. Ya akina mama iliteleza karibu robo mzunguko ndipo ikashika, na mara nyingine haikushika kabisa. Grisi ya kiwandani ilikuwa imechanganyika na vumbi la karatasi na tona, ikawa nzito kama uji uliolala. Springi hazikuwa na nguvu ya kusukuma vijiti humo. Rola mpya zilifungwa juu ya beringi ileile, ndiyo maana pesa ya fundi wa kwanza ilikwenda bure.

Kabla ya kutoa chochote, weka alama upande unaotazama nje. Binti anayeendesha mashine alikuwa na rangi ya kucha, ikatufaa sana. Beringi ikirudishwa kinyume, itashika pale inapotakiwa kuachia na kuachia pale inapotakiwa kushika, na karatasi haitatoka kwenye trei. Klipu ndogo ya pembeni ifunike kwa kiganja unapoitoa, maana huruka na kupotea.

Kusafisha tulitumia spiriti ya duka la dawa, kwenye kifuniko cha chupa. Beringi imo ndani ya gia ya plastiki. Usiing'oe kama hakuna haja. Unadondoshea spiriti, unazungusha na shafti yake, unafuta, unarudia mpaka spiriti itoke safi. Kwetu ilikuwa mara sita. Usichokonoe vijiti kwa pini, springi zake ni nyepesi mno. Petroli usiguse: inaharibu mpira na baadhi ya plastiki, na mvuke wake ndani ya chumba kimoja chenye umeme ni kutafuta msiba. Hata spiriti yenyewe inawaka, kwa hiyo jiko la chai lilitolewa nje. Spiriti ya dukani mara nyingi ina maji ndani yake, basi acha ikauke kabisa, halafu tia mafuta siku hiyohiyo, kutu isije ikaanza.

Kwenye mafuta ndipo wengi wanapokosea kwa wema. Mafuta ya cherehani, tone moja, kwa bomba la sindano. Mama mmoja alitaka tuongeze "ili idumu". Hapana. Beringi hii inafanya kazi kwa kubana, na grisi nzito inavizuia vijiti kubana. Grisi nyeusi yenye grafiti ni mbaya zaidi kwa sababu imetengenezwa ili vyuma viteleze. Mafuta yakizidi yatatambaa mpaka kwenye mpira wa rola, na mpira wenye mafuta haukamati karatasi. Kwa upande mwingine, ikikaushwa na kuachwa bila mafuta kabisa italia kama kifaranga kila karatasi inapopita, na itasagika mapema.

Trei ile ilikuwa na beringi mbili. Moja ilipona. Ya pili, hata baada ya kuoshwa, iliendelea kuteleza. Vijiti vilikuwa vimelika. Kabla ya kununua nyingine nilipitisha ukucha kwenye shafti, kwa sababu vijiti hukaa juu ya shafti yenyewe, na yenye mfereji itaiua hata beringi mpya. Ilikuwa laini. Kwenye beringi paliandikwa HF0612, yaani shafti ya milimita 6 na urefu wa milimita 12. Tuliagiza kwa namba hiyo kwenye duka la beringi mjini, na bei haikufika ya rimu moja ya karatasi. Kuingiza usigonge kwa nyundo. Sukuma taratibu kwa kipande cha mbao bapa, iende sawa pande zote. Ikiwa inaingia kwa ulegevu, gia imepasuka, badilisha gia. Gundi ya papo kwa papo itapenya mpaka kwenye vijiti na kuvigandisha.

Tulipiga nakala 200 za mtihani wa Jiografia bila karatasi kukwama. Marejesho ya mwezi ule yalilipwa kwa wakati. Sasa binti yule kila anapobadilisha rola za mpira anafanya jaribio la vidole kwanza, na anaandika kwenye daftari la kikundi namba ya kaunta ya mashine siku ile. Kwa mashine iliyokaa dukani penye vumbi la barabara kama lao, ningemshauri asisubiri mpaka rola ziishe.