Korosho tamu, hewa ya rangi tatu

Wiki hii safu yenu imepita Lindi, ikakunja kuingia bara mpaka Nachingwea na Ruangwa. Ukimwaga mtu wa Dar kwamba unakwenda kusini, atakuagiza korosho tu. Habari za hewa hakuulizi. Basi mimi nawaletea hewa.

Lindi mjini ukilamba midomo jioni unaonja chumvi. Si uchawi. Mawimbi yakipasuka hurusha matone, maji yanakauka, chembe za chumvi zinabaki zikielea. Ukiipa bahari mgongo, udongo unashika usukani. Rangi ya kwanza hiyo: nyekundu. Wekundu wa vumbi la huku ni kutu ya chuma. Shati jeupe? Ndugu yangu, liache Kariakoo.

Nachingwea ndiko Waingereza walikoleta matrekta miaka ya 1940 kung'oa pori wapande karanga. Mradi ulikufa 1951, na reli ya kutoka Mtwara ikang'olewa miaka ya 1960. Karanga ziligoma, mikorosho ikakubali. Mikorosho ndiyo iliyoleta rangi ya pili: njano.

Wakati wa kipupwe mikorosho inapochanua, ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua. Dawa ya siku nyingi ni salfa ya unga. Hupulizwa alfajiri, upepo umelala na majani yana umande, ili unga ugande. Nilimkuta kijana kabeba mashine mgongoni, inanguruma kama pikipiki isiyo na eksozi, wingu la njano limemfunika. Usoni kajifunga kipande cha kanga.

"Kaka, kifua vipi?" nikamuuliza alipozima.

Akacheka, macho mekundu. "Kinabana, na macho yanawasha. Lakini bila salfa hakuna korosho. Bila korosho, madaftari ya mdogo wangu nanunua na nini?"

Hapo nilikosa neno, washkaji.

Ruangwa, nyumbani kwa Namungo, kuna madini ya kinywe, kaboni ileile ya penseli. Lakini weusi ninaousema mimi uko jikoni: kuni, mkaa, na moto wa kusafishia mashamba. Hii rangi ya tatu ndiyo mjanja kuliko zote. Unywele wako una upana wa kama maikroni 70. Chembe nyingi za moshi hazifiki hata 2.5. Vumbi kubwa pua inalikamata, hizi zinateremka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe hizo hadi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa mwaka.

Wataalamu huchuja hewa, wakapima kilichonaswa. Sodiamu na klorini husema "natoka baharini". Alumini na chuma, udongoni. Potasiamu nyingi mara nyingi ni moshi wa kuni. Kila chembe inataja kwao, kama abiria kwenye basi.

Sasa wewe unayetafuna korosho kijiweni, kama una shamba huko kwenu, usimpelekee mpulizaji vocha tu. Mnunulie barakoa ya kuchujia vumbi na miwani ya kufunika macho. Kanga ni ya kupendeza, unga wa salfa haiuzuii. Na bibi akipika, mlango na madirisha yawe wazi, moshi upate pa kwenda.

Tukutane wiki ijayo!