Zizi la Magari Katika Kichochoro cha Edinburgh

Mgeni afikaye Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, huonyeshwa kwanza ngome kuu iliyojengwa juu ya mwamba. Ni wachache wanaoendelea kusini-magharibi hadi mtaa wa Merchiston, na wachache zaidi wanaoingia katika kichochoro kiitwacho Merchiston Mews. Hapo hapana mnara wala bustani. Pana majengo mafupi ya mawe, ya namna ile iliyojengwa zamani kwa ajili ya farasi na magari yao ya kukokotwa. Lakini humo ndimo yalimotengenezwa magari yaliyoshangaza mataifa makubwa.

Mwishoni mwa mwaka 1951, David Murray, mhasibu na mfanyabiashara wa mji huo, aliunda timu ya mashindano ya magari akishirikiana na fundi Wilkie Wilkinson. Waliiita Ecurie Ecosse, maneno ya Kifaransa yenye maana ya Zizi la Uskoti. Magari yalipakwa rangi ya buluu, kama ilivyo bendera ya nchi yao. Timu haikuanza kwa utajiri. Madereva wa kwanza walikuja na magari yao wenyewe aina ya Jaguar, na kazi ya Wilkinson ilikuwa kuyatunza yote kwa uangalifu ule ule.

Mtihani mkubwa wa kazi hiyo ulikuwa mji wa Le Mans, Ufaransa. Huko magari huanza kukimbia jioni na kuendelea usiku kucha hadi saa 24 zitimie, huku madereva wakipokezana usukani. Gari lenye mbio likiwa na breki mbovu halifiki. Mwaka 1955 ajali iliua watu zaidi ya 80 mahali hapo, wengi wao wakiwa watazamaji, na kwa hiyo mwaka uliofuata sheria zilikazwa, hata petroli ikawekewa kiasi.

Julai 1956 Murray alipeleka gari moja tu. Kiwanda cha Jaguar chenyewe kilipeleka matatu. Katika mzunguko wa pili magari mawili ya kiwanda yalipata ajali na kutoka, na la tatu likachelewa sana kwa hitilafu ya mfumo wa petroli. Gari la buluu likabaki peke yake kupambana na Aston Martin ya Stirling Moss na Peter Collins. Ron Flockhart na Ninian Sanderson hawakufanya pupa. Walilinda gari lao usiku na mvua, wakamaliza mizunguko 300, mmoja zaidi ya wapinzani wao.

Baadaye mwaka huo kiwanda kilijitoa katika mashindano, na baadhi ya magari yake yakakabidhiwa kwa mafundi wa kichochoroni. Juni 1957 timu ilikwenda Le Mans na magari mawili. Flockhart na Ivor Bueb wakashika nafasi ya kwanza kwa kilomita 4,397. Gari la pili, la Sanderson na John Lawrence, likawafuata. Wiki moja baadaye magari ya timu yalikuwa Monza, Italia, kupambana na Wamarekani katika njia yenye kona zilizoinuliwa. Timu nyingine za Ulaya zilikataa kushiriki kwa kuhofia usalama. Waskoti walishika nafasi ya nne, ya tano na ya sita, yaani nyuma ya Wamarekani watatu tu.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Mwaka 1958 ukubwa wa injini ulipunguzwa kwa sheria, na huko Le Mans magari yote mawili ya timu yaliharibika mapema. Bueb alikufa kwa ajali ya mashindano mwaka 1959, naye Flockhart kwa ajali ya ndege huko Australia mwaka 1962. Kijana Jackie Stewart, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, alipata kuendesha magari ya zizi hilo, lakini fedha zilizidi kupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 timu ilifungwa. Jina lake lilifufuliwa na watu wengine katika miaka ya 1980.

Mwaka 2016 gari lile lililoshinda mwaka 1956 liliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 21. Mafundi wa Merchiston hawakupata kuona fedha za namna hiyo. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliozoea magari ya Safari katika vumbi na matope tangu 1953, twaelewa kazi yao. Dereva yeyote wa lori la jeshi au gari la polisi anajua kwamba safari ya usiku huanza mchana, chini ya gari, mikononi mwa fundi ambaye jina lake halitangazwi.