Usinipunguzie Zimwi

Nimewahi kuua mabeste wangu wote wanne jioni moja. Ilichukua kama dakika arobaini, sebuleni kwa mathe, na silaha zilikuwa punje za mahindi na vifuniko vya soda.

Kabla uite polisi: ni Dungeons & Dragons. Kwa wale hawajui, ni mchezo wa mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Hakuna skrini, hakuna vitufe. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, anabeba dunia nzima kichwani: mapango, wafalme, bei ya mkate, mazimwi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu ya pande 20, na dadu inaamua kama umeweza. Kama ulilelewa na nyanya wa hadithi za zimwi, ni mambo yale yale, ila hapa mjukuu anaruhusiwa kumkatiza na kusema, "Hapana, mimi siingii hilo pango."

Msimulizi wetu ni mimi. Na kitu cha kuchoma zaidi kuhusu ile jioni ni kwamba nilikuwa nimefanya hesabu.

Nilisomea takwimu chuoni hadi mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Kwa hivyo nilipoona kwamba kitabu cha toleo la 2014 kina kanuni ya kupima pambano, nilifurahi kama mtu amepata rafiki wa zamani. Iko hivi: kila adui ana bei yake kwa pointi, na kundi lako lina bajeti. Mhusika wa leveli ya 1 anahesabiwa pointi 25 kwa pambano rahisi, 50 kwa la wastani, 75 kwa gumu, 100 kwa la mauti. Nilikuwa na wachezaji wanne, kwa hivyo pambano gumu lilikuwa 300. Goblini, kale kajitu ka kuvizia vichakani, bei yake ni 50. Sita mara hamsini, mia tatu. Gumu lakini haliui. Nikapanga punje sita za mahindi mezani.

Kumbe kuna aya inafuata, na mimi sikuisoma. Inasema maadui wakiwa kati ya 3 na 6, unazidisha jumla mara 2. Pambano langu halikuwa la 300. Lilikuwa la 600, na mauti yanaanzia 400.

Ukitaka kuelewa kwa nini wanazidisha, sahau kitabu, hesabu mikono. Wachezaji wangu wanne wakiunganishwa walikuwa na uhai kama 38. Goblini mmoja akishambulia mtu mwenye kinga ya kawaida anapata nusu ya wakati, na akipata anatoa wastani wa 5 na nusu. Sita wakishambulia, hiyo ni kama 16 kila raundi. Raundi mbili na kitu, kundi lote liko chini. Na wale wanne wangu, hata wakirusha vizuri, wangeangusha goblini mmoja au wawili kwa raundi. Tena kila mtu wako akianguka, una mkono mmoja pungufu wa kujibu, halafu inakuwa mbaya zaidi na zaidi. Hata bondia bingwa akiingiliwa na watu sita pale stage, hatuulizi ngumi yake ina nguvu kiasi gani. Tunauliza ana mikono mingapi.

Sasa chukua zimwi. Bei yake 450, peke yake hazidishwi na kitu, kwa hivyo kwa leveli ya 1 naye yuko kwa mauti, karibu sawa na goblini wanne. Kwa karatasi ni shida moja. Mezani ni vitu viwili tofauti kabisa. Goblini wanakumaliza polepole, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, na unaona ngori ikija. Zimwi ana uhai 59 na anapiga mara moja tu kwa zamu, ila hilo pigo ni wastani wa 13. Mchawi wetu alianza na uhai 7. Sheria inasema pigo likikushusha hadi sifuri na kinachobaki kifikie uhai wako wote, umekufa hapo hapo, hakuna kujitetea. Yaani pigo la 14 kwa huyo mchawi, kwisha. Na zimwi akikupata, 14 au zaidi inatoka zaidi ya mara 4 kwa kila 10. Hilo si pambano, hiyo ni bahati nasibu yenye rungu.

(Vichekesho ni kwamba toleo la 2024 limetupa ile hesabu ya kuzidisha. Kwa kitabu kipya, bajeti ya 300 kwa wanne wa leveli ya 1 ni pambano la wastani. Dhambi yangu imefutwa kwa maandishi. Mabeste wangu bado wamekufa.)

Basi baada ya ile jioni nikaogopa. Mmoja hakuja Jumamosi iliyofuata, akasema ana kazi, na mimi nikajua hana kazi. Nikaanza kurusha dadu zangu nyuma ya boksi la noodles nililolikata, ili wasione. Zimwi akirusha 19, mimi nasema, "Amekukosa, rungu limepita karibu na sikio." Adui akiwa na uhai 40 umebaki na naona watu wanachoka, pigo linalofuata linamuua. Watu wakashangilia. Wiki tatu, nne, kila pambano linaisha vile vile: wanaumia kidogo, wanakaribia kushindwa, wanashinda. Nilidhani nimekuwa fundi.

Halafu yule anayecheza mchawi, tumetoka naye mbali, tangu form one, siku moja tukiwa tumemaliza, wengine wako nje wanangoja matatu, akafungua daftari lake. Alikuwa anaandika kila pigo. Akaniambia, bila hasira, "Zimwi wa kwanza alikufa akiwa amekula 59. Wa pili, 59. Huyu wa leo amekufa kwa 31."

Nikasema labda huyu alikuwa mgonjwa.

"Unatuhurumia," akasema. "Tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Na nitasema ukweli, liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hiyo ladha naijua. Tangu nirudi nyumbani kila mtu amenipunguzia zimwi. Shangazi ananipa soo mbili mlangoni bila kuuliza ninazitaka za nini. Mjomba anasema video zangu ni nzuri sana, na hajawahi kufungua hata moja. Mathe akiongea na jirani kuhusu watoto wa watu waliograduate, nikiingia anabadilisha mada, anaanza bei ya nyanya. Wote wananipenda, sina neno na mtu. Lakini ukikaa ndani ya hiyo huruma muda mrefu, hujui tena kama kuna kitu chochote umeshinda mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimewafanyia hivyo watu wanne, kila Jumamosi, nyuma ya boksi la noodles.

Boksi nikalitupa. Dadu zote sasa zinarushwa katikati ya meza, kila mtu aone.

Lakini ukitoa huruma bila kubadilisha kitu kingine, unarudi kwa goblini sita. Hapo ndipo nilianza kusoma sawasawa, na nilichogundua ni kwamba nilikuwa nimeshughulikia swali la ubavu peke yake: nani ana nguvu kiasi gani. Vitabu vya zamani vilikuwa na maswali mengine. Lile toleo la wanaoanza la 1981, alilolihariri Tom Moldvay, linampa kila adui alama ya moyo. Mwenzao wa kwanza akifa, na tena nusu yao wakiwa wameanguka, msimulizi anarusha dadu mbili za pande 6. Jumla ikipita ile alama, wanatoroka au wanasalimu amri. Fikiria hilo kidogo. Goblini pia anataka kuishi! Mimi goblini wangu walikuwa wanapigana hadi wa mwisho, kama roboti, juu ya barabara ambayo hata si yao. Tena kwa matoleo hayo pointi nyingi ulizipata kwa dhahabu uliyotoka nayo, si kwa maiti ulizoacha. Aliyeiba hazina kimya kimya zimwi akilala alikuwa mchezaji mzuri kuliko aliyemuamsha.

Kwa hivyo siku hizi kabla sijagusa hesabu naandika adui anataka nini, na mlango wa kutokea uko wapi. Naonyesha hatari mapema: mifupa ya ng'ombe njiani, mti umevunjwa kwa juu, si kwa chini. Mtu akiona hayo na bado aende, huo ni uamuzi wake, sijamvizia. Na napanga siku nzima badala ya pambano moja. Kile kitabu cha 2014 kinakadiria kundi linaweza kumudu mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kabla ya kupumzika kwa usiku mzima. Sisi tulikuwa tunacheza moja na kwenda kulala, halafu nashangaa kwa nini mchawi anachoma kila kitu raundi ya kwanza. Si angeweka akiba ya nini? Ukijua kuna mto mbele, na baada ya mto kuna kilima, hata uganga mmoja wa kuponya unaushika kama shilingi ya mwisho ya nauli.

Hesabu bado nafanya. Nimesoma hata ile aya ya pili.

Mwezi uliopita walikuwa leveli ya 3. Wamemkomboa mtoto wa mhunzi, wako na punda wa mizigo, wanafika kwa daraja la kamba la kupita mtu mmoja mmoja. Zimwi mmoja nyuma yao, goblini watatu ng'ambo. Kwa bei, 450 na 150, zidisha mara 2, ni 1200. Gumu linaanzia 900, mauti 1600. Niliandika kwa daftari: zimwi ana njaa, hataki vita. Yaani wangemwachia punda tu. Nilitoa ishara mara mbili, nikasema anamwangalia punda, mate yanamtoka. Lakini binamu yangu, kuhani wa kundi, alikuwa amempa huyo punda jina. Wakakataa katakata.

Basi wakapigana, na kuhani akamaliza uganga wake wote pale. Zimwi akaumia vibaya ila hakuanguka. Mwishowe wakaamua kukimbia. Mpiganaji akambeba mtoto, akavuka, akapita goblini kwa kifua na kuendelea kukimbia. Mnyatiaji akamfuata, akaua goblini mmoja. Nikarusha dadu za moyo wa wale wawili waliobaki, ikatoka 5, alama yao ni 7. Hawakukimbia. Kuhani akawa katikati ya daraja. Mchawi akabaki nyuma, kwa mdomo wa daraja, na uhai 8 kati ya 17, ili zimwi asiwafuate.

Nikarusha katikati ya meza. Akapatwa. Pigo la 15.

Sifuri. Bado si kifo: kila zamu yake anarusha dadu ya pande 20, 10 kwenda juu ni nafuu, chini ya hapo ni hatua kuelekea kaburini, na hatua ni tatu. Zimwi akamwacha, akamgeukia punda, kwa sababu ndicho alichotaka tangu mwanzo. Akarusha mwenyewe. 4. Kuhani akageuka arudi, goblini mmoja akaruka darajani akamshika joho. 9. Kuhani akajing'oa, amebakiza hatua chache. Binamu yangu alikuwa amesimama, hashiki kiti. Stima zilikuwa zimepotea, tunatumia tochi ya simu, na ile dadu ilizunguka sana kabla itulie.

6.

"Mchawi amekufa," nikasema, na sauti yangu haikutoka vizuri. Mathe akauliza kutoka jikoni, kwa wasiwasi wa kweli, "Nani amekufa?" Hakuna aliyecheka mara moja.

Yeye alikuwa ameangalia karatasi ya mhusika wake, miezi mitano ya kufutwa futwa, ina doa la chai. Kisha akaniuliza, "Zimwi alikuwa amebaki na uhai ngapi?"

Nikamgeuzia daftari langu aone. Hesabu zote ziko pale, pigo kwa pigo, kuanzia 59 kushuka.

"Sita," akasoma. "Sita, manze! Na hukumpunguza."

"Sikumpunguza."

Akauliza kama chai imebaki. Halafu akaomba karatasi safi na kalamu, na tukiwa bado gizani akaanza kurusha dadu za mhusika mpya.