Klaveti Iliyogoma Kutoka

Wamama wenzangu, wengi wetu tuna kinga ya zamani iliyoegemea ukuta wa nyumba. Yangu ilifanya toleka miaka ya 1990, wakati magari na mafuta vilikuwa adimu Kisangani na baba watoto akibeba abiria toka Mangobo mpaka soko kuu. Ilipona hata vita ya siku sita, Juni 2000. Yeye ametutoka. Kinga imebaki, na makemba ninayouza ndiyo inayaleta kutoka barabara ya Buta.

Mwezi uliopita mkono wa pedali wa kushoto ulianza kucheza. Kila mzunguko, ko! Klaveti imelika, kile kipini cha chuma kilichochongwa mteremko upande mmoja, kinachobana mkono kwenye ekseli. Mpya ni bei ndogo. Kazi ni kuitoa ya zamani, iliyoshikwa na kutu ya hizi mvua zetu.

Fundi wa kwanza alianza kupiga nyundo, mkono ukiwa hauna kitu chini yake. Nikamzuia. Pigo la namna hiyo linaishia kwenye gololi na vikombe vyake, halafu unanunua ekseli nzima kwa pesa ya minervali ya watoto.

Jirani yetu, mzee aliyewatengenezea watu wa toleka, alitia mafuta ya taa jioni, akaiacha ilale. (Mafuta ya ngazi hayafai, ni mazito, hayapenyi.) Asubuhi akalegeza nati mpaka ikalingana na ncha ya klaveti, asiitoe, ili nyuzi zisiharibike. Akalaza mkono, nati ikitazama juu, na chini yake akasimamisha kipande cha bomba la chuma juu ya jiwe, kichwa cha klaveti kikiwa ndani ya tundu la bomba. Kijana wangu akashika kinga. Pigo moja zito, si ishirini madogo madogo. Ikashuka!

Ikishapinda, usipige tena: itobolewe kwa mashine, na hapo fundi mlipe bila kunung'unika.

Mpya tuliisugua tupa kidogo, tukaipaka grisi, tukaiingiza kinyume na ya kuume. Zikielekea upande mmoja pedali hazikai mstari mmoja. Kijana alirudi na mikungu minne, kimya, bila ko. Jioni ile nikakaza nati tena mwenyewe, maana baada ya mzigo wa kwanza huwa inalegea.