Tulivyopima Ukingo wa Kaya

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alitusimamia kupima ukingo wa Kaya Kinondo, kusini mwa Diani. Msitu huu wa hekta 30 hivi uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Tulijifunga kaniki, kama ada inavyotaka. Mzee akatuonya, "Wajukuu zangu, hata jani lisitoke humu."

Tulishika kamba ya mita, dira na daftari. Kila mstari mwalimu alitaka tuusome mara mbili, kwenda na kurudi. Mpaka wenyewe hauna ukuta: ni mti huu na jiwe lile, ayajuayo mzee. Je, yeye akiondoka, na viwanja vya pwani vinavyogombewa hivi? Ramani yetu si hati, lakini mali bila daftari huisha bila habari.