Mtumbwi na Mkondo

Kabla ya daraja la Kilifi kumalizika mwaka 1991, mtu aliyetaka kutoka Mnarani kwenda ng'ambo hakuwa na budi kupita juu ya maji. Wengi walivuka kwa feri. Mimi nilipenda mtumbwi wa mjomba wangu.

Siku moja nilimwomba aniache nivuke peke yangu na gunia la nazi. Maji yalikuwa yakipwa. Nilielekeza omo kwenye diko la ng'ambo, nikapiga kafi kwa nguvu zangu zote. Je, msomaji, wadhani nilifika? Kila nilipoinua macho, diko lilikuwa limesogea kushoto, nami nachukuliwa kulia, kwenye bahari kuu. Mikono ilichoka, mkondo haukuchoka. Ningalipotea kama nisingaliidaka kamba ya jahazi lililotia nanga. Mabaharia wakanirudisha Mnarani.

"Mwanangu," akasema mjomba, "nguvu unazo, ila hukuzipa upande wake."

Maneno hayo sikuyaelewa mpaka nilipofundishwa shuleni habari za skala na vekta. Skala hutosheka kwa ukubwa peke yake, kama vile wakati au joto. Vekta haina maana mpaka utaje na upande wake. Gunia langu lilikuwa la kilo 50. Hilo ni tungamo lake, nalo ni skala, lile lile mtumbwini na hata mwezini. Uzito ni jambo jingine: ni nguvu ya dunia kulivuta gunia chini, yapata nyutoni 490, na mwezini ungalikuwa 81 tu. (Sokoni sote huita kilo uzito, wala simlaumu muuza nazi.) Maji nayo yaliusukuma mtumbwi juu, sawasawa na uzito wetu sote, ndiyo maana hatukuzama.

Lakini balaa yangu haikutoka chini wala juu, ilitoka ubavuni. Tuseme maji yana upana wa mita 400, mtumbwi waenda kaskazini kilomita 4 kwa saa, na mkondo waenda mashariki kilomita 3 kwa saa. Usijumlishe ukapata 7! Chora mshale wa sentimita 4 kwenda kaskazini. Kwenye ncha yake anzisha mwingine wa sentimita 3 kwenda mashariki. Sasa pima kutoka mwanzo wa ule wa kwanza hadi ncha ya ule wa pili: utapata 5, tena mshazari. Kwa dakika 6 utafika ng'ambo, lakini mita 300 mbali na diko.

Siku ile mjomba alitwaa kafi, akanikalisha juu ya gunia, akaigeuza omo magharibi kuukabili mkondo. Sehemu ya mwendo wake ikaulipa mkondo haki yake. Iliyobaki ikatupeleka kaskazini. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, safari kama hiyo huchukua yapata dakika 9 badala ya 6. Tulikwenda upande upande kama kaa, watu wa ufukoni wakicheka, mpaka mtumbwi ukagusa diko. Mjomba akafunga kamba, akanionyesha gunia nilibebe.